HABARI ZA VIGAE VYA KALE

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya watu waliokusanyika Amani, Unguja)



Nimeombwa nizungumze nanyi jioni hii juu ya jambo lo lote nipendalo, madhali liwe na faida kwa wasikilizaji. Nami nimechagua kuzungumza habari za vigae. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Kigae ni kitu gani hata mtu mzima aache shughuli zake aje kukisemea mbele ya watu? Chungu kikiisha kuvunjika hutupwa jaani, na habari zake zikakoma. Walakini naomba mnivumilie kidogo. Hatuna kitabu hata kimoja kilichoandikwa na watu wa pwani hii wenyewe kutueleza jinsi walivyokaa miaka elfu na mia tatu iliyopita. Vigae vyao vipo, tena tele, na ajuaye kuvisoma huvisoma.

Kazi yangu mimi ni ukarani. Sisi makarani tumezoea kusadiki jambo lililoandikwa, likatiwa tarehe na sahihi, likawekwa katika faili. Lisiloandikwa huliita uvumi. Basi mtu wa namna yangu akikuambieni kwamba kigae kisicho na herufi hata moja chaweza kuwa shahidi mwema kuliko kitabu, jueni kwamba ameshindwa na hoja.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mtoto wa skuli tulipelekwa matembezi Unguja Ukuu, kule kusini kwenye Ghuba ya Menai. Maji yalikuwa yamekupwa, nasi tukaenea ufukoni kuokota vitu kama ilivyo tabia ya watoto. Mimi niliokota vigae viwili. Kimoja kilikuwa na rangi ya samawati iliyoelekea kijani, kinang'aa kama kioo. Cha pili kilikuwa cheusi kwa masizi, kikavu, na chini ya mdomo wake kimechorwa pembetatu, moja baada ya moja, na ndani ya kila pembetatu mistari ya kulala. Mwalimu wetu akakiinua kile cha kung'aa wenzangu wakione, akasema kwamba hicho ndicho cha watu waliojenga mji ule, watu waliotoka ng'ambo. Cha pili akasema ni chungu cha kienyeji tu. Nikakitupa majini. Kile cha samawati nikakitia mfukoni, nikakaa nacho miaka mingi.

Mwalimu yule simlaumu sana, maana naye alifundishwa hivyo hivyo. Vitabu vingi vya wakati wa ukoloni vilisema kwamba kila kilicho chema pwani hii kililetwa na merikebu: mawe ya kujengea, miji, biashara, hata adabu. Mtu mweusi wa pwani aliandikwa kama mtu aliyekuwa amesimama ufukoni akingojea kufundishwa. Hata wataalamu wakubwa hawakuepukana na fikira hiyo. Bwana Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na baadaye Manda, katika kisiwa kilicho karibu na Lamu, alidhani kwamba mji wa Manda ulianzishwa na wageni kutoka Ghuba ya Uajemi, kwa sababu alivutwa sana na vyombo vya kigeni alivyovikuta pale. Naye alikuwa mtu mwenye elimu, wala hakuwa na hila. Alifanya kama nilivyofanya mimi ufukoni.

Sasa na tuvitazame vigae vyangu viwili, kila kimoja kwa nafsi yake.

Kile cha samawati kilitoka katika kasiki kubwa lililofinyangwa katika nchi za Iraki na Uajemi, likapakwa dawa ya kung'aa kabla ya kuchomwa. Makasiki hayo yalichukua vitu vya safari, labda asali ya tende, mafuta na kadhalika. Vigae vyake vimeonekana pwani yote ya Bahari ya Hindi. Pale Unguja Ukuu vimeonekana pamoja na vigae vya bakuli za Kichina zilizotoka Changsha, katika jimbo la Hunan. Mwaka wa 1998, karibu na kisiwa cha Belitung katika Indonesia, ilionekana merikebu iliyozama yapata mwaka wa 830. Ndani yake vilikuwamo vyombo kama 60,000, vingi vyao bakuli za Changsha. Mbao za merikebu hiyo zilishonwa kwa kamba bila misumari, kama ulivyoshonwa mtepe wetu wa zamani. Basi bakuli za namna ile ile zilifika mpaka hapa, mwendo mfupi tu kutoka Amani. Tena katika miaka ya 1860 zilifukuliwa pale Unguja Ukuu sarafu za dhahabu, na moja katika hizo ni dinari ya zamani za Harun al-Rashid wa Baghdad. Na al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyekufa katika karne ya 9, alipowataja watu wa pwani hii alilitaja jina la Lunjuya, ambalo wengi wanaliona kuwa ndilo Unguja yetu. Mji ule basi haukuwa kijiji kilichojificha. Ulijulikana.

Lakini mji wa nani? Hapo ndipo kile kigae cheusi kinapoanza kusema.

Unguja Ukuu imechimbwa mara kadhaa na watu wenye ujuzi. Bwana Mark Horton na Bibi Catherine Clark walipita kisiwani mwaka wa 1984 na 1985 wakipima mahame yetu. Baadaye alikuja Bwana Abdurahman Juma, ambaye alichimba kwa miaka kadhaa, na kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka wa 2004. Baada yake walikuja wengine tena. Mchimbaji wa namna hii hachimbi kama achimbaye kisima. Huondoa udongo tabaka kwa tabaka, kama mtu anayefunua karatasi za faili, kwa kuwa cha chini ni cha kale kuliko cha juu. Kila kigae huhesabiwa, hata kidogo kama ukucha. Makaa ya jikoni hupelekwa kupimwa, maana mwaka wa 1949 Bwana Willard Libby wa Chicago alionyesha jinsi ya kupima umri wa kitu kilichokuwa na uhai. Mti ukiisha kufa, kaboni ya namna fulani iliyomo ndani yake hupungua polepole, nusu yake kwa kila miaka 5,700 hivi. Basi kwa kupima iliyobaki hujulikana umepita muda gani. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba watu walikaa Unguja Ukuu tangu karne ya 6 au ya 7, na mji ukapungua karibu na karne ya 11. Fukuchani, kule kaskazini kukabili Tumbatu, nako kulikaliwa tangu zamani hizo hizo.

Na katika hesabu ile, ndugu zangu, vigae vya kung'aa ni vichache. Kwa kila kimoja cha ng'ambo vipo vingi, vingi sana, vya udongo wa kawaida, vilivyofinyangwa kwa mkono bila gurudumu, vikachomwa juu ya ardhi kwa kuni na makuti. Tena vingi vya zamani zile, shingoni mwake, vina zile pembetatu.

Chungu cha pembetatu si cha Unguja peke yake. Kimeonekana Shanga katika kisiwa cha Pate, na kando ya Mto Tana, ndiyo maana wengine huviita vyungu vya Tana. Kimeonekana katika milima ya Usambara, katika bonde la Rufiji, na kusini hata Msumbiji. Kimevuka bahari mpaka Ngazija na visiwa vyenzake. Profesa Felix Chami wa Dar es Salaam aliandika kitabu juu ya vyungu hivi mwaka wa 1994, akaonyesha kwamba vinaandama vyungu vya kale zaidi, vilivyopewa jina la Kwale kwa sababu vilitambulika kwanza kule Kwale, kusini ya Mombasa, katika uchunguzi wa Bwana Robert Soper uliotolewa mwaka wa 1967. Vyungu vya Kwale ni vya karne za kwanza baada ya kuzaliwa Masihi, na waliovitumia walikuwa wakulima waliojua kuyeyusha chuma. Basi ukishika vyungu hivi vyote kwa taratibu yake, cha Kwale, kisha cha pembetatu, kisha vya karne zilizofuata, unaona mdomo unabadilika, nakshi inabadilika, lakini hakuna mahali ambapo mkono mmoja unakoma ghafula na mkono wa mgeni kuanza. Ni kama mwandiko wa baba na wa mwana.

Lugha nayo inashuhudia. Wajuzi wa lugha wanakiweka Kiswahili katika ukoo mmoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kingazija. Sisi twasema chungu. Watu wengi wa bara husema nyungu, na nadhani nyote mmepata kusikia jina la mtemi Nyungu ya Mawe wa Unyamwezi. Hata neno letu kuumba, ambalo sasa tunaliweka kwa kazi ya Mwenyezi Mungu, asili yake katika lugha za Kibantu ni kufinyanga udongo. Nabii Yeremia alitumwa aende nyumbani kwa mfinyanzi apate kufundishwa huko, na Kurani nayo inasema kwamba mtu aliumbwa kwa udongo mkavu kama wa mfinyanzi. Ufinyanzi basi si kazi ya kudharauliwa, ijapokuwa siku hizi tunaidharau.

Na chungu hutueleza zaidi ya asili. Hutueleza chakula. Katika majaa ya Unguja Ukuu vimeonekana pamoja na vigae mifupa ya samaki, ya kasa na ya paa, na punje zilizoungua za mtama na uwele. Wali, ambao leo mtu wa pwani asipokula huona hakula, ulikuwapo kidogo tu. Kule Pemba ya kaskazini imeonekana kwamba mchele ulianza kushika nafasi ya nafaka za kibara karibu na karne ya 11. Basi tazameni vyombo navyo: zamani za kwanza vilivyo vingi ni vyungu vyenye shingo, vya kupikia na kuwekea, karne zilizofuata bakuli zilizo wazi huzidi. Bakuli ni chombo cha kuandaliwa mbele ya watu. Nafikiri mnaona wenyewe jambo lililotokea: karamu ziliongezeka, wageni walikaribishwa, na mwenye nyumba alitaka chakula chake kionekane. Baadaye wakubwa wa miji walipachika hata bakuli za Kichina katika kuta za misikiti na nguzo za makaburi, watu wazione na wasizile. Majivuno ya sahani, mama zangu, hayakuanza na kabati za vioo.

Kuna jambo moja nisilotaka kulificha, kwa kuwa shahidi akisema nusu si shahidi. Chungu si kabila. Chungu huuzwa, huigwa, huchukuliwa na bibi arusi akaenda nacho nchi nyingine. Wala mtu asitoke hapa akasema kwamba nimewaambieni habari za Washirazi ni uwongo mtupu. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yenye mwaka wa 500 wa Hijra, ambao ni 1107, na hayo hayakuandikwa na mtu asiyejua Bara Arabu wala Uajemi. Mwaka wa 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Walikuta kwamba damu ya Kiafrika na damu ya Kiasia zilianza kuchanganyika yapata mwaka wa 1000, na kwamba upande wa Asia ulitoka hasa kwa wanaume wa Kiajemi, na upande wa Afrika hasa kwa wanawake. Basi wazee waliosema babu zao walitoka Shirazi hawakusema ovyo. Ila huyo babu alipotia nanga alikuta mji, na katika mji alikuta jiko, na jikoni alikuta mwanamke na chungu chake. Unguja Ukuu ilikuwa imekwisha kuwa na miaka mia tatu au zaidi.

Kule Shanga Bwana Horton alichimba tangu mwaka wa 1980 akaona jambo la ajabu. Chini ya msikiti wa mawe ulikuwako msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye vijisikiti vya miti vya karne ya 8, vidogo, vya watu wachache. Dini basi iliingia mapema, nyumba zikabadilika kutoka miti na udongo hata mawe, na muda wote huo vyungu vya jikoni viliendelea kuwa vile vile vya kienyeji. Mtu hubadili kilemba upesi kuliko anavyobadili chungu cha mama yake.

Mtaniuliza, kabla ya vyungu je? Hayo ni mbali zaidi. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, imeonekana mifupa ya punda milia na nyati, na zana za mawe na za mifupa, za miaka yapata 20,000 iliyopita, wakati Unguja ilipokuwa bado imeungana na bara. Bahari ilipopanda tukawa kisiwa, na wawindaji wale wakaondoka. Pango lilipokaliwa tena, waliorudi walikuja na vyungu.

Basi mwaka uliopita nilikwenda kumtazama bibi mmoja wa shamba ambaye hata sasa hufinyanga. Nilichukua picha ya kigae cha pembetatu, kwa kuwa changu mwenyewe nilikwisha kukitupa. Bibi yule hakupata kwenda skuli. Aliitazama picha kwa kitambo, akanyosha kidole, akasema, "Huyu kachora udongo ungali mbichi mno. Tazama ukingo wa mstari ulivyovimba. Mimi ningengoja ukauke nusu siku." Nikamwambia kwamba aliyekichora amekufa zaidi ya miaka elfu moja. Akasema, "Hata hivyo. Angengoja." Tangu hapo sijapata kusikia maneno yaliyonifanya niwaone watu wale kuwa watu kama hayo. Kitabu kiliniambia tarehe, naye aliniambia kwamba alikuwako mtu mwenye haraka, labda mtoto alikuwa analia, labda mvua ilikuwa inakuja.

Sasa neno langu la mwisho ni la kazi. Mahame yetu yanaliwa. Mchanga unachimbwa wa kujengea nyumba, misingi inapasuliwa, na watu wengine huokota vigae vya kung'aa wakavitafutia wateja. Kigae kikiisha kutolewa mahali pake, hakuna awezaye tena kujua kilikuwa tabaka gani, na pamoja na makaa gani. Huwa kama karatasi iliyochanwa katika faili, unaisoma wala hujui ni ya kesi ipi. Hivyo ndivyo kilivyo hiki changu cha samawati, ambacho nimekileta mkione. Ni kizuri, lakini hakina la kusema, kwa kuwa nilikitoa mahali pake. Basi mtu akilima au akichimba msingi akakuta vigae vingi pamoja, au jivu jingi chini ya ardhi, au mavi ya chuma, naasimamishe jembe mahali pale na amwarifu sheha wake, ili habari zifike kwa watu wa Mambo ya Kale. Asivioshe, asivihamishe, wala asichague vile vya kung'aa. Na akiona kimoja cheusi chenye pembetatu chini ya mdomo, kisichopendeza hata kidogo, kwa hicho naapige mbio.

Kigae hiki nitakipitisha kwa mkono, tafadhali kianze kwa wazee wa mbele. Na aliye na swali nasimame aulize. Na kama yumo humu mama aliyepata kufinyanga, au aliyemwona nyanya yake akifinyanga, namwomba aje hapa mbele, maana ninayo maswali yangu mimi ya kumwuliza yeye.